Mtoto ameamka na joto: aende shule au abaki, na dawa zake zimfikieje?

Swali: Mwanangu yuko darasa la pili. Wiki mbili zilizopita aliamka na joto kidogo, nikampa parasetamoli ya maji, baada ya nusu saa akawa anacheza, nikampeleka shule. Saa 5 asubuhi nikapigiwa simu nikamchukue, anatetemeka. Wakaniambia asirudi mpaka amalize siku nzima bila homa. Daktari alimwandikia antibiotiki ya koo, na aliporudi shule nikamwekea chupa kwenye begi anywe mchana. Chupa ikarudishwa, eti hakuna fomu. Ana pumu pia, na pampu yake wameifungia kabatini ofisini. Nafanya kazi, siwezi kukaa nyumbani kila akipiga chafya. Nipime vipi nani aende na nani abaki? Na masharti haya ya dawa yana maana gani hasa? (Mama wa watoto wawili)

Jibu: Pole sana, mama. Nimekuwa muuguzi wa shule kwa miaka mingi, na simu za saa 5 kama hiyo uliyopigiwa nimezipiga mwenyewe mara nyingi mno. Najua mzazi anavyonyamaza kidogo upande wa pili, akifikiria atamwambia nini msimamizi wake. Nitakujibu yote uliyouliza, na mwanzoni kabisa nikwambie kwamba katika mambo matatu uliyoyalalamikia, shule ilikuwa na haki katika mawili. La pampu wamekosea, na nitakueleza namna ya kulidai.

Tuanze na ile asubuhi. Parasetamoli hushusha homa kwa muda wa saa 4 hadi 6, kisha nguvu yake inaisha. Kama ulimpa saa 12 na nusu, basi kuanzia saa 4 na nusu homa ilikuwa inarudi, naye yuko darasani katikati ya wenzake. Homa yake ilikuwa imefunikwa tu, na kilichoisababisha kiliendelea na kazi yake mwilini. Kucheza kwake baada ya nusu saa kulikuambia kwamba dawa imeshika. Hakukuambia kwamba mtoto amepona, wala kwamba hawezi kuambukiza.

Ndiyo maana shule zinasema saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa. Wazazi wengi husikia nusu ya kwanza ya sentensi hiyo na kuiacha ya pili, ilhali ya pili ndiyo yenye uzito. Halafu kwa nini siku nzima, kwa nini isitoshe asubuhi moja? Joto la mwili lina kawaida ya kuwa chini alfajiri na kupanda jioni, hata kwa mtu mzima wa afya. Mtoto mwenye maambukizi anaweza kuamka na 37.2, ukashukuru Mungu, na ikifika jioni yuko 38.8. Kipimo cha asubuhi, kile tunachokitegemea kuliko vyote, ndicho kinachodanganya zaidi. Ukisubiri siku nzima ipite umeona asubuhi, mchana na jioni, na hapo unajua.

Tumia kipimajoto. Kiganja kilichotoka kwenye maji baridi humwona kila mtoto ana homa, na kilichotoka jikoni hakioni homa kwa yeyote. Homa kwa maana ya shule ni nyuzi 38 na kuendelea, na kumbuka kwamba kipimo cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni au sikioni. Akiwa na 37.6 na amechangamka, hiyo si sababu ya kubaki nyumbani, ila ni sababu ya kumwambia mwalimu. Akifika 38, abaki.

Kuna jambo jingine kuhusu dozi ya asubuhi ambalo linaniumiza zaidi ya maambukizi yenyewe. Mtoto akipewa parasetamoli nyumbani bila shule kuambiwa, kisha akaumwa kichwa saa 3, mtu mwenye nia njema anaweza kumpa nyingine kabla ya muda wa saa 4 kupita tangu ile ya kwanza. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, kati ya miligramu 10 na 15 kwa kila kilo, kwa nafasi ya angalau saa 4, na kwa kawaida isizidi mara 4 kwa siku. Ikipita hapo kwa siku kadhaa, ini ndilo linaloumia, na ini halipigi kelele mapema. Dawa za maji zinauzwa kwa nguvu tofauti pia: ipo yenye miligramu 120 katika mililita 5, ipo yenye 250. Chupa zinafanana, kijiko ni kilekile, dawa ni zaidi ya mara mbili. Nyingi za dawa za mafua zina parasetamoli ndani yake vilevile, kwa hiyo soma lebo kabla ya kuzichanganya. Aspirini usimpe mtoto aliye chini ya miaka 16 mpaka daktari aseme, maana mtoto mwenye mafua makali au tetekuwanga akiitumia anaweza kupata ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ubongo na ini.

Sasa tuseme hana homa. Nipime vipi, umeuliza. Mimi hujiuliza kama mtoto huyu anaweza kukaa darasani mpaka kengele ya mwisho bila kutafuta pa kulala, na kama anahitaji uangalizi ambao mwalimu mwenye watoto darasa zima hawezi kuutoa. Halafu namfikiria anayekaa naye dawati moja: atapata nini kutoka kwake? Mafua mepesi, kikohozi cha hapa na pale, koo linalowasha kidogo, vinapita vizuri kwenye maswali hayo. Aende. Rangi ya makamasi isikutishe. Kijani au njano ni kawaida ya mafua yanayoelekea kuisha, wala si uthibitisho kwamba anahitaji antibiotiki.

Hapa naomba nisimame kidogo kwa ajili ya watoto wenye chawa. Wanarudishwa nyumbani katikati ya somo, mbele ya wenzao, kana kwamba wamefanya kosa. Chawa hawaruki wala hawapai. Wanatembea kutoka unywele hadi unywele vichwa vinapogusana, na wakionekana leo ujue wamekuwepo kichwani kwa wiki kadhaa. Saa tatu zilizobaki darasani hazibadilishi kitu. Amalize siku yake, atibiwe jioni, kesho arudi. Macho mekundu yenye tongotongo, mtoto akiwa mzima vinginevyo, mara nyingi hayahitaji kumtoa shuleni, ila anawe mikono na asitumie taulo la mwenzake. Mapunye na mashilingi yanahitaji kuanza matibabu. Ya mwilini yafunikwe kwa nguo, na ya kichwani yanataka dawa ya kumeza, kwa sababu ya kupaka haifiki kwenye mizizi ya nywele. Upele wa kuwasha usiku, ule unaoenea nyumba nzima, mtoto anarudi baada ya tiba ya kwanza, na nyumba nzima itibiwe siku hiyohiyo.

Kutapika na kuharisha ni habari nyingine, na hapo mimi ni mkali. Saa 48 tangu mara ya mwisho. Shule nyingine zinatosheka na 24. Nimeona darasa zima likianguka kwa siku nne kwa sababu ya mtoto mmoja aliyerudi mapema, na virusi vya tumbo huendelea kutoka mwilini hata choo kikishatulia. Jeli ya mikono haiviwezi vizuri virusi vya aina ya norovirasi. Maji na sabuni ndiyo yanayovitoa.

Magonjwa yenye muda wake maalumu yaandike mahali, kwa sababu ukiyahitaji hutakuwa na utulivu wa kuyatafuta. Tetekuwanga: mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magamba, kwa kawaida kama siku 5, na lengelenge moja bichi lililobaki mgongoni linahesabika. Surua: siku 4 tangu vipele vitokee. Matumbwitumbwi: siku 5 tangu shavu livimbe. Kifaduro: siku 5 za antibiotiki, ingawa baadhi ya nchi hukubali saa 48. Koo la bakteria, ambalo naona ndilo alilokuwa nalo mwanao, shule nyingi zinataka saa 24 tangu dozi ya kwanza, pamoja na homa kuisha.

Ukipata jina la ugonjwa kutoka kwa daktari, piga simu shule siku hiyohiyo, hata kama mwanao yuko nyumbani na hana haja ya kurudi leo. Simu hiyo si kwa ajili yake. Darasani kwake anaweza kuwepo mtoto anayetibiwa saratani, ambaye tetekuwanga kwake ni hatari ya kifo, na wazazi wake hawajamtangazia mtu. Anaweza kuwepo mwalimu mjamzito ambaye hata mumewe bado hajamwambia. Tetekuwanga huambukiza siku moja au mbili kabla ya lengelenge la kwanza kuonekana, kwa hiyo walioambukizwa wameshakutana naye, na kinachobaki ni kuwahi kuwapa taarifa. Kwa baadhi yao ipo kinga inayoweza kutolewa, lakini ina muda wake.

Na yapo ambayo hayana mjadala wa shule, ni hospitali tu: homa pamoja na shingo iliyokakamaa, mtoto asiyeamshika vizuri, kupumua kwa shida mpaka mbavu zinabonyea, degedege, au vipele vyekundu au vya zambarau visivyofifia ukivikandamiza kwa glasi. Kwenye ngozi nyeusi vipele hivyo huonekana kwa shida, kwa hiyo angalia viganja, nyayo na ndani ya kope.

Nije kwenye chupa iliyorudishwa.

Siku moja wakati wa mapumziko aliletwa kwangu msichana wa darasa la tatu anayesinzia akiwa amesimama. Hana homa, hakuanguka, chai alikunywa. Nikauliza amekula nini. Akanyamaza. Rafiki yake ndiye aliyefungua kibweta cha penseli, na chini ya kichongeo kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, ndani yake vidonge vitatu vya njano visivyo na jina. Rafiki alipewa na mama yake ameze mchana kwa ajili ya mafua. Mwenzake alisema kichwa kinamuuma, akamgawia kimoja, kwa upendo kabisa. Nilipiga simu kwa karibu nusu saa kabla ya kumpata mama, na ndani ya nusu hiyo sikujua kama mbele yangu kuna mtoto atakayelala tu au mtoto ninayepaswa kumkimbiza hospitali. Ilikuwa dawa ya mzio inayoleta usingizi. Alilala, akaamka, akaenda nyumbani. Lakini ile karatasi iliyokunjwa ningeweza kuichora hata leo.

Kila sharti lililokukera limetokana na karatasi kama ile. Dawa iletwe katika chupa au pakiti yake yenye lebo ya duka la dawa, ili atakayeishika ajue ni nini, ya nani, kiasi gani na inaisha lini. Iletwe na mtu mzima, mkononi kwa mtu mzima. Fomu iwe na saini yako, kwa sababu bila ridhaa ya mzazi mwalimu anakuwa anampa mtoto wa mtu dawa kwa kukisia. Dozi ya kwanza ya dawa mpya itolewe nyumbani, ili mwili ukiikataa, awe mikononi mwako. Shule inayofanya kazi vizuri humwuliza mtoto jina lake kwa sauti, hulinganisha na lebo, huandika saa na kuweka saini kitabuni. Unayo haki ya kukiona kitabu hicho.

Weka na kifaa cha kupimia pamoja na chupa. Kwenye mikutano ya wazazi nilikuwa nawaomba waje na kijiko cha chai kutoka nyumbani. Tunakijaza maji, tunayavuta kwa bomba la kupimia dawa, lile lisilo na sindano. Lebo inasema mililita 5. Kijiko kimoja kinatoa 3, cha jirani yake kinatoa 7, na wote wawili walikuwa wamemaliza wiki nzima wakidhani wanampa mtoto dozi ileile.

Hata hivyo, mama, swali zuri zaidi ni kama dawa ile ilihitaji kwenda shule. Antibiotiki ya mara mbili kwa siku haina kazi shuleni. Ya mara tatu, kwa mtoto anayerudi nyumbani mchana au alasiri, kwa kawaida inaweza kutolewa kabla ya kuondoka, mara tu anapoingia mlangoni, na anapokwenda kulala. Thibitisha tu na daktari au mfamasia kwa dawa husika. Ya mara nne ndiyo inayolazimisha dozi ya shuleni. Kwa hiyo ukiwa bado umekaa mbele ya daktari, kabla hajaandika, mwambie mtoto yuko shule mpaka saa fulani na umwulize kama ipo ya mara mbili. Mara nyingi ipo. Pia antibiotiki nyingi za unga unaochanganywa na maji hudumu siku 7 hadi 14 tu baada ya kuchanganywa, na nyingine zinataka friji. Chupa inayoshinda kwenye begi lenye joto inapoteza nguvu bila kubadilika rangi.

Sasa pampu. Hapa niko upande wako kwa moyo wote.

Dawa ya dharura ya mtoto mwenye pumu haifungiwi kwa kufuli. Vidonge na chupa za kawaida, ndiyo, kabati na ufunguo. Pampu ya kutuliza, ile yenye salbutamoli, iwe mahali panapofikika ndani ya dakika moja: darasani kwake kwa mwalimu, au mfukoni mwake akishafika umri wa kuitumia vizuri. Na imfuate uwanjani. Kukimbia ni kichochezi kikubwa cha pumu kwa watoto wengi, na saa ya michezo ndiyo hasa saa ambayo ofisi huwa imefungwa na mwenye ufunguo ametoka. Niliwahi kusimama mbele ya kabati kama hilo, mtoto ameinama ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, tunamtafuta mtu mwenye ufunguo. Tulimpata. Sitaki kukumbuka dakika zile, wala sitaki uzijue.

Nenda na karatasi moja tu, siyo malalamiko. Mwombe daktari aandike mpango wa pumu wa mwanao: vinavyomchochea, iwe vumbi la chaki, baridi au mbio, dalili zake za mwanzo, kwa sababu watoto wengine hawatoi mlio wa filimbi kifuani bali hukohoa tu au huacha kuongea sentensi ndefu, na hatua za kuchukua. Kwa kawaida hatua ni kumkalisha wima, siyo kumlaza, kumtuliza, kisha mpulizo mmoja mmoja kupitia spesa, lile kopo la plastiki linalounganishwa na pampu, kila baada ya sekunde 30 hadi 60, mpaka 10. Asipopata nafuu, au akizidiwa wakati wowote, gari la wagonjwa liitwe, na anaweza kurudiwa kupewa wakati mnasubiri. Spesa iende shuleni pamoja na pampu. Bila hiyo, kwa mtoto wa umri wake, dawa nyingi inaishia mdomoni na kooni badala ya kufika kwenye mapafu. Pampu ya kuzuia, ile ya kila siku, ibaki nyumbani, asubuhi na jioni. Na ukiona anahitaji ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, mrudishe kwa daktari, kwa maana pumu yake haijadhibitiwa.

Ukiwa na jirani ambaye mwanawe ana mzio mkali na sindano ya adrenalini, au kisukari na kitu kitamu cha kupandisha haraka sukari ya mwili ikishuka, au kifafa na dawa ya dharura ya kutumia degedege likipita dakika 5, mpe ujumbe huohuo. Hizo zote ni dawa za dakika, hazikai nyuma ya kufuli.

Kuhusu kazi yako, nakuelewa, na sina cha kukupunguzia zaidi ya kukusihi umtafute mtu mzima wa pili sasa, mtoto akiwa mzima, na jina lake na namba yake viwe shuleni kwa maandishi. Namba zilizobadilika miaka miwili iliyopita ndizo zinazomwacha mtoto mwenye homa kwenye benchi mpaka jioni.

Asubuhi ile ya wasiwasi, ambapo si mgonjwa wala si mzima, mwandikie mwalimu hivi: "Habari za asubuhi, mwalimu. Ameamka na 37.5, hajapewa dawa yoyote, amekula vizuri, anakohoa kidogo. Akifika 38 au akianza kusinzia nipigie, nisipopatikana piga namba ya shangazi yake." Walimu hawasahau mzazi anayeandika hivyo. Na kama umempa dawa, taja jina la dawa, kiasi na saa, hata kama unajua jibu litakuwa njoo umchukue.

Na ukienda kuonana na mwalimu mkuu kuhusu pampu, muulize swali moja kabla ya kumpa karatasi ya daktari: saa ya michezo, ufunguo wa kabati uko kwa nani?